Willis Carrier na Maji Yaliyomo Hewani

Umewahi kukaa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wakati wa masika? Kama umekaa huko, bila shaka umeona mambo haya. Chumvi iliyoachwa wazi katika kibakuli hulowa yenyewe, ingawa hakuna mtu aliyeimwagia maji. Viatu vya ngozi vilivyowekwa uvunguni mwa kitanda huota kuvu. Nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa bado mbichi. Kurasa za daftari hulegea na kujikunja pembeni. Kama wewe ni mkazi wa Dodoma, umeona kinyume chake: wakati wa kiangazi nguo hukauka kwa muda mfupi na midomo hupasuka.

Mambo hayo yote huletwa na kitu kimoja, nacho ni maji yaliyomo hewani. Hatuyaoni maji hayo kwa sababu ni mvuke, na mvuke wa maji hauna rangi wala umbo. Katika somo hili utasoma habari za mtu mmoja aliyetumia karibu miaka 50 ya maisha yake kuupima mvuke huo, kuupunguza na kuuongeza. Utaona pia jinsi alivyolijibu swali ambalo hata leo huwasumbua watu wenye mashine za kukausha hewa majumbani mwao: je, mashine hiyo iendeshwe kwa muda gani? Swali hili linaonekana jepesi, lakini si jepesi.

Willis Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876 karibu na mji mdogo wa Angola, katika jimbo la New York nchini Marekani. Usidhani kuwa ni nchi ile ya Angola iliyoko Afrika. Ni jina tu lililofanana. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikuwa mtoto wao wa pekee. Mama yake alikuwa fundi wa mikono. Saa au chombo cha nyumbani kilipoharibika, yeye ndiye aliyekifungua na kukitengeneza, na mtoto wake alikuwa akimtazama.

Willis alipokuwa na umri wa miaka tisa, yaani mdogo kuliko wewe, alishindwa kabisa kuelewa hesabu za sehemu. Nusu, robo na thumni zilimchanganya. Mama yake hakumkaripia. Alimtuma alete sufuria ya matofaa kutoka ghala iliyokuwa chini ya nyumba, akampa kisu, akamwambia ayakate mawili mawili, kisha manne manne, kisha manane manane. Baada ya hapo akamfundisha kujumlisha na kutoa vipande vile vilivyokuwa mbele ya macho yake. Carrier alipokuwa mtu mzima alilikumbuka jambo hilo kuwa ndilo lililomfundisha namna ya kufikiri: tatizo kubwa likatwe vipande vidogo, kisha kila kipande kishughulikiwe peke yake. Mama huyo alifariki dunia wakati mwanawe akiwa na umri wa miaka 11.

Wakati huo fedha zilikuwa haba nchini Marekani, hasa baada ya mwaka 1893 biashara zilipoanguka. Carrier alipomaliza shule alitaka kusoma uhandisi, lakini baba yake hakuwa na uwezo wa kumlipia ada. Kwa hiyo alifanya kazi ya kufundisha shule kwa muda, huku akiweka akiba. Mwaka 1897 alishinda mtihani uliompatia nafasi ya kusoma bila kulipa ada katika Chuo Kikuu cha Cornell. Chakula na malazi alijitafutia mwenyewe. Alikata majani ya bustani za watu, akachochea moto katika majiko ya kupasha nyumba joto, tena akashirikiana na mwenzake kuanzisha kazi ya kufua nguo za wanafunzi. Alihitimu mwaka 1901.

Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge katika mji wa Buffalo. Mshahara wake ulikuwa dola 10 kwa juma. Kampuni hiyo ilitengeneza feni kubwa na mitambo ya kupasha hewa joto, na kazi za kwanza za Carrier zilikuwa kuchora mitambo ya kukausha mbao na kahawa. Ukiwa mtoto wa Kagera au Kilimanjaro unajua jinsi kahawa inavyokauka inapoanikwa juani: jua hupasha joto, upepo huchukua mvuke. Mtambo wa Carrier ulifanya kazi hiyo hiyo ndani ya jengo. Lakini aliona jambo moja lililomsumbua. Mafundi wa wakati ule walikisia tu. Walijua kuwa hewa ya moto hukausha, lakini hawakuwa na vipimo vya kutosha vya kuwaambia ni hewa kiasi gani, yenye joto gani, ipitishwe kwa kasi gani. Carrier akaanza kupima na kuandika.

Mwaka 1902 likaja tatizo ambalo lingebadili maisha yake. Katika eneo la Brooklyn mjini New York kulikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, kikiitwa Sackett-Wilhelms. Kiwanda hicho kilichapisha picha za rangi. Ili uelewe shida yao, ni lazima kwanza ujue jinsi picha ya rangi inavyochapwa. Karatasi haipokei rangi zote kwa mara moja. Hupitishwa katika mashine na kupigwa rangi moja, kisha hupitishwa tena kwa rangi ya pili, na hivyo hivyo mpaka rangi zote zimeingia. Kila rangi haina budi kuangukia mahali pake hasa. Rangi nyekundu ya mdomo ikisogea kidogo tu, mdomo huonekana uko shavuni.

Sasa, karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za miti, na nyuzi hizo hunyonya mvuke kutoka hewani. Zikinyonya mvuke hutanuka, zikiupoteza hunywea. Siku za joto hewa ya New York hujaa mvuke, tena kiasi chake hubadilika siku hata siku. Karatasi iliyopigwa rangi ya kwanza Jumatatu ilikuwa na ukubwa mmoja, na ilipopigwa rangi ya pili Jumanne ilikuwa na ukubwa mwingine. Tofauti ilikuwa ndogo sana kwa macho, lakini ilitosha kuharibu picha. Wino nao ulichelewa kukauka. Karatasi zikatupwa, wino ukapotea, na kazi zikachelewa kuwafikia waliozilipia. Wenye kiwanda hawakutaka hewa baridi kwa ajili ya kustarehesha watu. Walitaka hewa isiyobadilika, wakati wa joto na wakati wa baridi.

Tatizo hilo likapewa Carrier, kijana wa miaka 25.

Kwanza alijaribu njia ambayo huenda hata wewe ungeifikiria. Alichukua kitambaa kinene mfano wa gunia, akakilowesha kwa maji yenye chumvi ya aina fulani inayonyonya maji sana, kisha akapitisha hewa katikati yake. Hewa ilikauka kweli. Lakini ilibeba chumvi, na hewa ya chumvi haifai mahali penye mashine za chuma na karatasi nzuri. Akaiacha njia hiyo.

Akafikiri njia nyingine. Umeona chupa ya soda iliyotolewa katika jokofu na kuwekwa juu ya meza? Baada ya muda mfupi hulowa kwa nje. Watu husema chupa imetoka jasho. Maji yale hayakupenya kutoka ndani ya chupa, maana kioo hakivuji. Yametoka hewani. Hewa iliyogusana na chupa ilipoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubaki na mvuke mwingi kama ilipokuwa ya moto. Mvuke uliozidi ukageuka kuwa maji.

Zitazame tarakimu hizi kwa makini. Chukua hewa inayojaza sanduku lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Ikiwa na joto la nyuzi 30 za Sentigredi, hewa hiyo huweza kuwa na gramu 30 hivi za mvuke, na si zaidi. Ikipozwa hadi nyuzi 20, huweza kuwa na gramu 17 tu. Ikipozwa hadi nyuzi 10, ni gramu 9 hivi. Kwa hiyo, ukiipoza hewa iliyojaa mvuke kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 10, gramu 21 hazina pa kukaa. Zitaanguka zikiwa matone ya maji. Joto ambalo mvuke huanza kugeuka kuwa umande huitwa kiwango cha umande.

Sasa utaelewa maana ya asilimia ya unyevu. Hewa ya nyuzi 30 iliyo na gramu 30 za mvuke imejaa kabisa, nasi husema unyevu wake ni asilimia 100. Ikiwa na gramu 15, unyevu wake ni asilimia 50. Lakini angalia: gramu hizo hizo 15 katika hewa ya nyuzi 20 ni karibu asilimia 90, kwa sababu hewa hiyo haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 17. Hata watu wazima wengi hukosea hapa. Hudhani kuwa ukikipoza chumba umekikausha. Hukukikausha mpaka maji yameonekana yakidondoka na kutoka nje.

Carrier alichukua majedwali ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, akapiga hesabu. Alikata shauri kwamba kiwanda kile kiwe na unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima, hewa ikiwa na joto la nyuzi 27 hivi wakati wa joto na nyuzi 21 wakati wa baridi. Michoro yake ilikamilika tarehe 17 Julai 1902. Mtambo ulipojengwa, feni ilisukuma hewa ipite juu ya mabomba yaliyojaa maji baridi kutoka kisimani, na baadaye juu ya mabomba mengine yaliyopozwa kwa mashine itumiayo amonia. Mvuke uliozidi uliganda juu ya mabomba kama jasho la chupa ya soda, ukadondoka na kuondolewa. Nguvu ya kupoza ya mtambo huo ilikuwa sawa na kuyeyusha kilo zipatazo 49,000 za barafu kila siku. Wakati wa baridi, hewa ilipokuwa kavu mno, mvuke uliongezwa.

Kazi ilifanyika, lakini Carrier hakutosheka. Mabomba ya chuma hushika kutu, na si rahisi kuhakikisha kwamba hewa yote imeyagusa. Aliendelea kulifikiria jambo hilo njiani na nyumbani.

Usiku mmoja, mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1902, alikuwa akingoja gari moshi katika stesheni ya mji wa Pittsburgh. Ukungu mzito ulikuwa umetanda. Wasafiri wengine bila shaka waliuona kuwa ni usumbufu tu. Carrier alitembea huku na huko akiutazama. Ukungu ni hewa iliyojaa mvuke hata ikashindwa kuchukua zaidi, na matone madogo sana ya maji yanaelea ndani yake. Unyevu wake ni asilimia 100. Hata hivyo, kwa kuwa ni baridi, mvuke uliomo ni mchache. Hapo ndipo akapata wazo. Kama angeweza kutengeneza ukungu wake mwenyewe, kwa kurusha maji yawe matone madogo mno, na kama angeyashika maji hayo katika baridi aliyoichagua, basi hewa itakayopita katika matone hayo itatoka na mvuke kiasi kile kile alichokitaka. Ikipashwa joto baadaye, itakuwa hewa kavu.

Simama hapa kidogo ufikiri. Carrier alikusudia kukausha hewa kwa kuilowesha! Wenzake wengi waliona kuwa ni jambo la kuchekesha. Lakini rudi kwenye tarakimu zetu. Hewa ya nyuzi 30 iliyo na gramu 24 za mvuke ikipitishwa katika matone ya maji yenye nyuzi 17, itapoa mpaka nyuzi 17, na katika joto hilo haiwezi kubaki na zaidi ya gramu 14 au 15. Zinazobaki huungana na matone na kuanguka chini pamoja nayo. Kwa hiyo maji yenyewe yameyanyang'anya hewa maji. Na maji yanayorushwa hayashiki kutu kama bomba, tena huiosha hewa vumbi. Mnamo tarehe 2 Januari 1906 Carrier alipewa hataza ya mtambo huo.

Viwanda vya pamba ndivyo vilivyokuwa vya mbele kuuhitaji, lakini kwa shida iliyo kinyume na ile ya Brooklyn. Uzi wa pamba hukatika hewa inapokuwa kavu. Mwaka 1906 mtambo wa Carrier uliwekwa katika kiwanda cha pamba huko Belmont, North Carolina, na mwaka uliofuata mwingine ukapelekwa mbali, katika kiwanda cha hariri cha Yokohama nchini Japani. Mwaka 1911 alisoma mbele ya wahandisi wenzake kanuni zake za hesabu zinazounganisha joto la hewa, unyevu na kiwango cha umande. Wahandisi wa leo bado wanatumia michoro iliyotokana na kanuni hizo. Mwaka 1915, baada ya kampuni ya Buffalo Forge kupunguza kazi, Carrier na wahandisi wenzake sita walichanga dola 32,600 wakaanzisha kampuni yao wenyewe.

Sasa tulirudie swali letu. Mashine ya kukausha hewa iendeshwe kwa muda gani? Na tulipime katika darasa lako.

Tuseme darasa lina urefu wa mita 9, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Hewa iliyomo ni mita za ujazo 162. Joto ni nyuzi 30 na unyevu ni asilimia 80, kama ilivyo siku nyingi za masika katika pwani yetu. Kila mita ya ujazo ina gramu 24 za mvuke. Zidisha, utapata gramu 3,888. Hayo ni karibu lita nne za maji, nayo yanaelea juu ya vichwa vyenu, wala hakuna anayeyaona! Tukitaka unyevu ushuke hadi asilimia 55, lazima tuondoe lita moja na robo hivi. Mashine yenye uwezo wa kukusanya nusu lita kwa saa itahitaji saa mbili na nusu.

Je, jibu ni saa mbili na nusu? Sivyo. Hesabu hiyo ni ya chumba kisichopitisha hewa, kisicho na mtu wala kitu chenye maji ndani yake. Darasa lako lina madirisha. Upepo mmoja ukiingia, unaleta mvuke wa nje. Kuta na madawati yamenyonya mvuke kwa majuma mengi, nayo huanza kuutoa polepole hewa inapokauka. Zaidi ya hayo, mtu aliyekaa kimya hutoa gramu 40 za maji au zaidi kwa saa kwa pumzi na kwa ngozi yake. Wanafunzi 40 watatoa gramu 1,600 kila saa, nayo mashine yetu inaondoa 500 tu. Mashine hiyo ingeendeshwa mchana kutwa na usiku kucha, na unyevu usingeshuka. Ni kama kuchota maji kwa kikombe katika pipa lililofunguliwa bomba juu yake. Anayeuliza ni saa ngapi zitahitajika kulimaliza pipa, aulize kwanza ni maji kiasi gani yanaingia.

Carrier mwenyewe aliliona jambo hilo mbele ya watu wengi mwaka 1925. Wakati huo kampuni yake ilikuwa imetengeneza mashine mpya ya kupoza, iliyo ndogo na salama kuliko ile ya amonia, na iliwekwa katika jumba la sinema la Rivoli mjini New York. Siku ya kuizindua ilikuwa ya joto kali. Watu walipanga foleni milangoni, na wengi, wasioamini habari za hewa baridi, walikuja na mapepeo yao mkononi. Kwa bahati mbaya mashine ilichelewa kuwashwa. Jumba likajaa kabla hewa haijapoa. Carrier alikuwa pembeni akitazama, na mbele yake mapepeo zaidi ya elfu moja yalikuwa yakipepea. Fikiri jinsi alivyojisikia! Mtambo ambao ungetosha kulishika jumba tupu katika baridi nzuri, ulikuwa sasa na kazi ya kuondoa joto na jasho la umati mzima. Hatimaye mapepeo yalipungua moja moja, mpaka yakabaki machache ya wale waliozoea tu kujipepea, na hayo nayo yakatulia. Kumbuka hapa kwamba kuishusha hewa iliyokwisha kujaa joto na mvuke huchukua muda mrefu kuliko kuishika isipande.

Ndiyo sababu Carrier hakumpa mwenye kiwanda idadi ya saa. Alimpa kipimo, asilimia 55, akabuni na vyombo vya kuutazama unyevu na kuongoza mtambo vyenyewe. Unyevu ukizidi, mtambo ulifanya kazi zaidi, ukipungua, ulipumzika. Kwa kanuni hiyo hiyo mashine ndogo za kukausha hewa za siku hizi hujizima na kujiwasha. Wakati wa Carrier hazikuwa ndogo. Mtambo wa kupoza hewa uliowekwa mwaka 1914 katika nyumba ya tajiri Charles Gates huko Minneapolis ulikuwa na urefu wa mita 6 na kimo kinachozidi mita 2.

Nyumbani kwenu huenda hakuna mashine ya namna hiyo, wala si kila nyumba inayoihitaji. Siku ya jua na upepo mkavu, kufungua madirisha hufanya kazi hiyo bure. Lakini siku za masika, hewa ya nje ikiwa na mvuke mwingi kuliko ya ndani, dirisha lililofunguliwa huongeza unyevu. Ghala ya dawa, chumba cha kuwekea vitabu vya zamani au duka la kupiga chapa haliwezi kungoja jua. Mwenye mashine hufunga madirisha na milango, huiwasha unyevu unapopita asilimia 60, na kuiacha ipumzike unapofika 50 au 55. Kuvu hupenda unyevu wa asilimia 70 na zaidi, kwa hiyo hapo haipati nafasi. Kuiendesha mashine zaidi ya hapo ni kupoteza umeme, na mbao za samani huweza kupasuka kwa ukavu.

Carrier alihamishia kampuni yake katika mji wa Syracuse mwaka 1937, akaendelea na utafiti mpaka moyo wake ulipodhoofika. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1950 akiwa na umri wa miaka 73.

Wewe pia unaweza kuupima unyevu kama alivyofanya yeye. Pamoja na mwalimu wako, tundikeni vipimajoto viwili ukutani, mbali na jua. Kimoja kiacheni kikavu. Kingine kizungushieni kitambaa cha pamba chini yake, na ncha ya kitambaa hicho itumbukie katika kikombe cha maji. Vipepeeni kwa daftari kwa dakika tano, kisha msome. Kile chenye kitambaa kitaonyesha nyuzi chache zaidi, kwa sababu maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto. Hewa ikiwa kavu, tofauti huwa kubwa. Kikavu kikionyesha nyuzi 30 na chenye maji 27, unyevu ni karibu asilimia 80. Kikavu kikionyesha 30 na chenye maji 23, unyevu ni karibu asilimia 55.

Someni vipimajoto saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni kwa juma zima, mara madirisha yakiwa wazi na mara yakiwa yamefungwa. Andikeni tarakimu zote katika daftari. Halafu kila mmoja aeleze: kama darasa hili lingekuwa ghala ya vitabu yenye mashine ya kukausha hewa, angeiwasha siku zipi na saa zipi, na angejuaje kuwa wakati wa kuizima umefika?